Hesabu ya Mama: Maana na Matumizi ya 'Kifungua Mimba' Kigwa na Unyamwezini

Mzee wa Kigwa mwenye wake wawili, wote wakiwa wamejaliwa kuzaa, ana mtoto wa kwanza mmoja na vifungua mimba wawili. Msemaji wa Kiswahili haoni ajabu katika sentensi hiyo. Anayeshangaa ni msomaji wa kamusi. Tangu kamusi ya Johnson ya 1939 hadi matoleo ya Kamusi ya Kiswahili Sanifu, lile la kwanza likiwa la 1981, kifungua mimba hufasiriwa kwa ufupi kuwa ni mtoto wa kwanza, na habari huishia hapo. Ikiwa maneno haya ni sawa, basi mzee wetu ana watoto wa kwanza wawili, jambo lisilowezekana. Au mmoja wa wale wawili anaitwa kwa jina lisilo lake, jambo ambalo mama yake hatalikubali hata kidogo.

Makala haya yanadai kwamba kifungua mimba ni neno la upande wa mama. Halihesabu watoto wa baba, wala wa boma, wala wa ukoo. Linataja tukio lililotokea mara moja katika uzazi wa mwanamke mmoja. Mtoto wa kwanza ni neno la hesabu, na yeyote anaweza kuhesabu, kuanzia popote apendapo. Mkubwa ni neno la cheo miongoni mwa ndugu walio hai. Mara nyingi maneno yote matatu humwangukia mtu mmoja, na ndiyo sababu tumeyachanganya. Lakini kwa kuwa kifungua mimba halina cheo ndani yake, kulitoa kama hoja ya urithi, kama lisikikavyo katika vikao vya ukoo baada ya arobaini, ni kulitwisha mzigo ambao halikuumbwa kuubeba.

Nimeichagua Kigwa kwa sababu zake. Ni kata ya Wilaya ya Uyui, mashariki ya mji wa Tabora, na katika karne ya 19 ilikuwa kituo kilichojulikana cha misafara. Aliyetoka pwani kwa njia ya Ugogo alipita Rubuga, akaingia Kigwa, kisha akafika Kazeh, kitovu cha biashara ya Unyanyembe ambacho leo kimo katika eneo la Tabora. Richard Burton na John Speke walipita njia hiyo mwaka 1857. Henry Stanley aliipita 1871 akielekea Kwihara. Kiswahili cha huku hakikusubiri kuletwa na shule. Kilipanda na wafanyabiashara wa pwani na Waarabu waliolowea Kazeh, na zaidi ya hao kilirudi na Wanyamwezi wenyewe, wapagazi walioshuka Bagamoyo na pembe za ndovu wakapanda tena na vitambaa, shanga na maneno. Kinyamwezi kinaendelea kusemwa kando yake hadi leo. Katika ukoo mmoja hukutana Uislamu, Ukristo na mila, na nyumba ya wake wawili si kisa cha kutafutwa. Palipo na mama zaidi ya mmoja ndipo tofauti ya maneno yetu inapolazimika kujitokeza. Anayetaka kulipima neno hili katika nyumba ya mume mmoja, mke mmoja na watoto watatu hatapima kitu, kwa kuwa hapo kila tafsiri inakubali.

Tuanze na umbo lake. Kiswahili kina jamii kubwa ya maneno yanayoundwa kwa ki-, kitenzi, na nomino inayotendwa: kifungua kinywa, kipima joto, kinasa sauti, kipa mkono. Karibu yote ni majina ya vitu au ya malipo ya desturi. Kifungua mimba na mwenzake kitinda mimba wameingia katika safu hiyo, lakini wanakataa sarufi ya vitu. Hatusemi kifungua mimba changu kimefika kutoka Nzega. Tunasema kifungua mimba wangu amefika. Kiambishi kinamtaja kama chombo, upatanisho unamrudishia utu wake. Wapo wanaoliona umbo hili kuwa la kumdunisha mtoto, nami sikubaliani nao. Kiongozi, kinyozi na kijana wote wana ki- na hakuna anayedhani wamedunishwa. Ki- hapa inataja kazi.

Mfano ulio karibu zaidi na Kigwa ni kirangozi, mtu aliyetangulia mbele ya msafara. Wasafiri wengi wa karne ya 19 walioandika habari za njia hii wanamtaja. Alivaa mavazi ya kumtofautisha na wengine, alishika bendera, na Burton anaeleza kuwa mpagazi aliyethubutu kumpita njiani alitozwa faini. Heshima yote hiyo, na bado pembe hazikuwa zake. Mali ilikuwa ya tajiri aliyekuwa nyuma, au ya mwingine aliyebaki Unguja. Kutangulia njiani ni jambo moja, kumiliki shehena ni jambo jingine, na msafara mzima ulilijua hilo. Kifungua mimba ni kirangozi wa uzazi wa mama yake. Haki ya kutopitwa anayo, na hakuna mdogo atakayekuja kuichukua. Lakini neno lenyewe halisemi chochote kuhusu ng'ombe, shamba wala stoo ya tumbaku.

Sehemu ya pili ya neno ni ngumu kuliko ya kwanza. Mimba gani inayofunguliwa? Jibu jepesi ni kwamba ni ile aliyomo mtoto mwenyewe, kwamba anaifungua anapotoka. Jibu hilo linaanguka mara mbili. Kwanza, mama hujifungua kila anapozaa. Kama kufungua ni huko kutoka, basi kila mtoto angekuwa kifungua mimba. Pili, tuna kitinda mimba, mtoto wa mwisho. Kutinda ni kukata. Mtoto wa mwisho haikati mimba yake mwenyewe, kwa maana amebebwa hadi mwisho wake akazaliwa salama. Anachokikata ni mfululizo: baada yake mama hakuzaa tena. Kwa hiyo mimba katika maneno haya mawili si ujauzito mmoja. Ni mlolongo mzima wa uzazi wa mwanamke, tangu ulipoanza hadi ulipokoma, na mlolongo huo una mwenyewe, naye ni mama. Mwanamume ana watoto, hana mimba. (Kitinda mimba, kwa njia, ni cheo cha mashaka. Kifungua mimba hujulikana siku ileile na hakuna anayeweza kumwondoa. Vitinda mimba wangapi wameondolewa katika nafasi yao na mdogo asiyetarajiwa, na wengine hawakulisahau.)

Ushahidi wa msamiati wa undugu unaelekea huko huko. Tunasema ndugu wa tumbo moja tunapotaka kuwatofautisha na ndugu wa baba mmoja. Tumbo linalozungumzwa ni la mama, na ndilo linalogawa nyumba kubwa kuwa nyumba ndogondogo. Linganisha na mwanambee, neno la Kiswahili cha kale na cha washairi kwa mtoto wa kwanza, lenye mbee, yaani mbele, ndani yake. Mwanambee ni mtoto wa mbele katika safu. Safu hiyo inaweza kuwa ya mama au ya baba, kwa sababu neno halitaji mwili wa mtu. Ushairi uliweza kumwita hivyo mrithi wa mfalme bila kukwaruza sikio. Jaribu kumwita kifungua mimba katika nafasi hiyo na msikilizaji atakuuliza: wa mama yupi?

Mauti ndiyo kipimo cha kwanza cha dai hili. Mtoto wa kwanza akifariki akiwa mchanga, anayemfuata anakuwa mkubwa. Ndiye atakayetumwa, ndiye atakayelaumiwa, kwa kuwa mkubwa ni jalala. Shuleni na kwenye fomu za serikali ataandikwa mtoto wa kwanza, na mwenye kuandika hatakuwa amedanganya. Lakini mama akiulizwa kifungua mimba wake ni nani, atamtaja yule aliyezikwa. Cheo cha ukubwa kimehama, hesabu imeanza upya, tukio limebaki pale pale. Neno lenye maana ya 'mtoto wa kwanza' tu lisingeweza kufanya hivyo.

Kipimo cha pili ni mapacha, na hapa Unyamwezi una la kusema kuliko sehemu nyingi. Majina Kulwa na Doto, ambayo leo yameenea Tanzania nzima kwa wavulana na wasichana, asili yake ni kwa Wanyamwezi na Wasukuma: Kulwa ni aliyetangulia kutoka, Doto ni aliyemfuata, na mtoto anayezaliwa baada yao huitwa Shija. Majina mengi ya huku hutazama namna au wakati mtoto alivyokuja. Mabula, kwa mfano, ana mvua ndani ya jina lake. Mapacha wakiwa uzazi wa kwanza wa mama, Kulwa ndiye kifungua mimba. Ujauzito ulikuwa mmoja, lakini mlolongo ulifunguliwa na mmoja. Si kila jamii hukata shauri hivyo. Wayoruba wa Nigeria humwita wa kwanza Taiwo na wa pili Kehinde, na humhesabu Kehinde kuwa ndiye mkubwa, kwa maelezo kwamba alimtuma mwenzake atangulie kuuonja ulimwengu. Kwao kutangulia kutoka ni utumishi wa mdogo kwa mkubwa. Unyamwezini anayetangulia ametangulia, na Shija, ingawa ni uzazi wa pili, anabeba katika jina lake kumbukumbu ya wawili waliompisha njia.

Kipimo cha tatu ni cha hospitali. Mtoto wa kwanza aliyezaliwa kwa upasuaji ni kifungua mimba au siye? Kwa Kiswahili swali hili halina uzito. Ni yeye bila ubishi. Lakini halikuwa swali jepesi kila mahali, na kulitazama kwingine kunatusaidia kuona kwetu. Katika sheria ya Kiyahudi kuna wazaliwa wa kwanza wa aina mbili. Torati, katika Kutoka 13, inamtenga kwa Mungu yule afunguaye tumbo la mama. Katika Kumbukumbu la Torati 21 inampa fungu maradufu la urithi yule aliye wa kwanza kwa baba, hata kama mama yake ndiye mke asiyependwa. Mishna, mkusanyiko wa kale wa sheria hiyo, katika sehemu iitwayo Bekhorot, inayatenganisha haya wazi: mtu anaweza kuwa wa kwanza kwa mama asiwe wa kwanza kwa baba, au kinyume chake, na kila hali ina hukumu yake. Aliyetolewa kwa kupasuliwa ubavu hahesabiwi kuwa mfunguzi wa tumbo, kwa sababu hakupita mlango wake. Neno la Kiebrania linatazama njia ya mwili. Neno la Kiswahili linatazama mfululizo wa uzazi, na mfululizo huanza vilevile, kwa uchungu wa kawaida au kwa kisu.

Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya Muungano, 1952, walikutana na aina zote mbili, na mzaliwa wa kwanza likawa neno lao kuu. Uchaguzi huo haukuwa mbaya. Athari yake ni kwamba msomaji wa Kikristo alizoea neno moja lililobeba tumbo la mama na haki ya baba kwa pamoja, na alipofunga kitabu akalipaka kifungua mimba rangi hiyohiyo. Hadithi ya Esau aliyeuza haki yake ya uzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu inajulikana Tabora kama inavyojulikana Bukoba. Haki iliyouzwa pale ni haki ya mbele ya baba, na Esau na Yakobo walikuwa wa tumbo moja, pacha. Kisa hicho, kwa sababu mama ni mmoja, hakiwezi kumfundisha mtu tofauti tunayoizungumzia.

Je, mila ya Unyamwezi ilimpa aliyetangulia kuzaliwa haki ya kutawala au kurithi? Tukianza na ikulu, neno walilolitumia Wanyamwezi na Wasukuma kwa makazi ya mtemi kabla halijawa la Rais, jibu ni kwamba katika himaya nyingi za kale hakupewa. R. G. Abrahams, aliyechapisha kazi zake kuhusu siasa na jamii za Unyamwezi mwaka 1967, anaonyesha kwamba utemi ulikuwa ukipita upande wa mama: mrithi alitafutwa miongoni mwa watoto wa dada za mtemi. Watoto wa mtemi mwenyewe walipewa vijiji wavitunze, nao wakaitwa wanangwa. Baadaye, himaya kadhaa zilihamia kwa watoto wa kiume, na hata hapo wazee walichagua. Umri peke yake haukutosha. Utemi ulipofutwa kisheria mwaka 1963, ukubwa wa kuzaliwa haukuwa umepata kuwa tiketi ya kiti. Kifungua mimba wa mke mkubwa wa mtemi alikuwa mtu mkubwa katika nyumba ya mama yake. Kitini alikaa binamu yake.

Katika ndoa za watu wa kawaida mambo yanavutia zaidi. Abrahams huyo huyo anaeleza ndoa za mahari na ndoa zisizo na mahari. Mahari yakishatolewa, watoto ni wa upande wa baba. Yasipotolewa, watoto ni wa upande wa mama hadi baba awakomboe kwa malipo. Maana yake ni kwamba mwanamume aliweza kumzalisha mwanamke mtoto wa kwanza ambaye kwa mila hakuwa wake bado. Akioa kwa mahari baadaye, hesabu yake ya watoto ingeanza na mwingine. Hesabu ya mama haikuyumba hata siku moja. Alijua nani alimfungua, na mahari hayakuweza kumbadilishia. Hapo ndipo naona sababu ya lugha kushika upande wa mama. Hesabu ya baba inategemea malipo na makubaliano ya wakubwa wa pande mbili; hesabu ya mama inategemea mwili wake tu.

Ongeza njia ya misafara. Wanyamwezi waliondoka zaidi kiangazi, baada ya mavuno, na wengi walijitahidi kurudi kabla ya mvua za kupanda. Aliyechelewa pwani alikosa msimu mzima. Mpagazi mwenye nyumba mbili angeweza kurudi akute vitoto viwili vinavyotambaa. Aliyejua nani alitangulia, na kwa siku ngapi, ni wakunga na mama wenyewe. Sidai kwamba misafara ililizaa neno. Umbo lake ni la Kiswahili cha kawaida kabisa. Nadai kwamba palikuwa na kila sababu ya watu wa njia hii kulipokea kwa maana yake kamili.

Matumizi yaliyo hai kuliko yote ni ya jina la mzazi. Mwanamke akishazaa, jina lake la usichana hurudi nyuma, anakuwa Mama Fulani, na fulani huyo kwa kawaida ni kifungua mimba wake. Baba naye huitwa Baba Fulani. Katika nyumba ya wake wawili, kila mke anaitwa kwa kifungua mimba wake, na hakuna mgongano. Mgongano uko kwa mume. Kwa jirani wa mke mkubwa yeye ni Baba Kulwa, kwa wakwe zake wa pili ni Baba Mwajuma, naye anaitika yote mawili bila kuona tatizo. Nimesikia wasomi wakisema desturi hii inamfuta mwanamke, inamfanya kivuli cha mtoto. Huenda ni kweli kwa mambo mengine. Kuhusu neno letu inaonyesha kinyume: mtoto ndiye anayetoa na wazazi ndio wanaopokea. Kifungua mimba hapokei kitu siku anapozaliwa. Anampa mwanamke jina atakaloitwa hadi kaburini, na baba anapata moja ya majina yake.

Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora kuanzia 1937 na kufundisha St. Mary's ya hapohapo kati ya 1946 na 1949, alitoka katika nyumba inayofaa kuwa mfano wa darasani. Baba yake, Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, alikuwa na wake 22, na mama yake, Mugaya, alikuwa wa tano. Boma kama hilo lina mtoto wa kwanza mmoja. Vifungua mimba wake wanaweza kufika 22. Utemi ulimwendea Edward Wanzagi, ndugu yake Julius kwa baba. Ukitafsiri kifungua mimba kwa 'mrithi' ndani ya boma la namna hiyo utakuwa umetawaza umati.

Sheria ya nchi ililichukulia jambo hili kwa njia yake. Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika ilitangaza sheria za mila za jamii zinazofuata ukoo wa baba, kazi iliyojengwa kwa sehemu kubwa juu ya makusanyo ya Hans Cory, aliyekuwa amekwisha kuandika kitabu cha sheria na mila za Wasukuma mwaka 1953. Kanuni za urithi ziko katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka huo. Zinawapanga warithi katika madaraja matatu: mtoto wa kwanza wa kiume wa nyumba ya kwanza yuko daraja la kwanza, wana wengine wa kiume daraja la pili, mabinti daraja la tatu. Tazama jinsi kanuni inavyoazima nyumba, ambayo ni hesabu ya mama, kisha ikazipanga nyumba zenyewe kwa hesabu ya baba, na juu yake ikaweka jinsia. Binti aliye kifungua mimba wa nyumba ya kwanza, aliyempa mama yake na baba yake majina yao, akiwa na kaka zake anashuka daraja la tatu. Neno kifungua mimba halina jinsia, kanuni inayo. Hakuna namna ya kuiandika kanuni hiyo kwa kutumia neno hilo, na waandishi wake hawakuweza kujificha nyuma yake.

Mahakama zimeikosoa sheria hiyo bila kuifuta. Mwaka 2006 Mahakama Kuu, katika shauri la wajane wawili kutoka Shinyanga, ilikubali kuwa kanuni zinabagua lakini haikuziondoa. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba Tanzania ilivunja haki za wajane hao. Kwa Waislamu wa Tabora mambo ni mengine: Qur'ani, sura ya 4 aya ya 11, inampa mtoto wa kiume fungu la mabinti wawili, na haitazami nani alizaliwa kwanza. Uingereza, ambayo maofisa wake walikuja hapa wakiwa wamelelewa na sheria ya kumwachia mwana mkubwa wa kiume ardhi yote, iliifuta sheria hiyo kwake yenyewe kwa marekebisho yaliyokamilishwa mwaka 1925. Ukikusanya yote hayo mezani, mila ya kale ya utemi wa Unyamwezi, Sharia, na tangazo la 1963, ni tangazo peke yake linalompa aliyetangulia kuzaliwa fungu la pekee, na hata hilo linamtaka awe wa kiume na atoke nyumba ya kwanza.

Hata hivyo vikaoni hali si hivyo. Marehemu akizikwa, kikao cha ukoo hukaa kumpendekeza msimamizi wa mirathi, muhtasari hupelekwa Mahakama ya Mwanzo, na mara nyingi mtu husimama akasema: mimi ndiye kifungua mimba. Anadai mambo mawili kwa neno moja. La kwanza ni usimamizi, na sheria haimpi mtu usimamizi kwa kuzaliwa kwanza. Inatazama mapendekezo ya ukoo na uaminifu. La pili, ambalo mara nyingi halisemwi, ni umiliki, kana kwamba msimamizi ndiye mrithi. Nyumba ndogo ikijibu kwamba nayo ina kifungua mimba wake, inaonekana kama inaleta vurugu. Kwa kweli ndiyo inayosema Kiswahili sahihi.

Nimeambiwa, na pingamizi hili ni la haki, kwamba wanaume siku hizi husema kifungua mimba wangu kama wasemavyo wake zao, na kwamba mjini vijana wamekwisha kuliacha, wanasema fasti boni kwa kila kitu. Ni kweli. Lakini mwanamume asemaye hivyo karibu daima ana mke mmoja, na kwake hesabu mbili zimelingana. Lugha haimlazimishi kuchagua. Akizaa nje, atasema mtoto wangu wa kwanza nilimpata Nzega, kifungua mimba wa mama Fulani ni huyu. Sikio lake linarudi kwenye tofauti bila kufundishwa. Na fasti boni, kwa kuwa ni neno la hesabu tu, limechukua nafasi ya mtoto wa kwanza zaidi kuliko ya kifungua mimba.

Kwa wanakamusi pendekezo langu ni fupi. Kifungua mimba lifasiriwe: mtoto aliyetangulia kuzaliwa na mama fulani, wa kike au wa kiume, awe hai au amefariki. Upatanisho wa a-/wa- uonyeshwe kwa mfano wenye wingi, na kitinda mimba lifuate mkondo huohuo. Mwanambee liwe na ingizo lake bila kuelekezwa kwenye kifungua mimba. Kwa upande wa Kinyamwezi kazi ni kubwa zaidi. Tuna kamusi ya Dahl ya 1915, tuna sarufi, matini na msamiati wa Maganga na Schadeberg wa 1992, lakini maneno ya utangulizi wa uzazi yanahitaji kukusanywa nyumba kwa nyumba, Kigwa na kata za jirani, kwa wanawake waliozaa wakiwa wake wa pili na wa tatu. Wao waulizwe watoto wao walivyofuatana, kisha waulizwe wa mume wao walivyofuatana, na kila jibu liandikwe kwa neno lililotumika.